Udhu wa Mara ya Pili

Gari la Mzee Rajabu lilikuwa limeegeshwa mbele ya mlango, na magurudumu yake yalikuwa meupe. Inspekta Tabia aliyaona, akapita. Nyumba yenyewe ilikuwa inapakwa chokaa upya kwa ajili ya arobaini ya marehemu, ndoo zimejaa barazani, basi akajisemea moyoni, aah, kakanyaga chokaa huyo. Mtu akiwa na jambo kubwa kichwani, dogo lililo mbele ya pua halioni. Ndivyo tulivyoumbwa.

Na jambo lenyewe lilikuwa kubwa kweli. Marehemu Mzee Sharifu Shuaibu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa na machimbo ya dhahabu kule Handeni. Alianza na sururu na karai, akamalizia na mitambo. Mtoto alijaliwa mmoja tu, Yunus. Na huyo Yunus akagombana na baba yake, ugomvi ule wa kijinga wa baba na mwana ambao ukiuliza chanzo hakuna anayekikumbuka, akaondoka kwenda Msumbiji. Simu hapigi, salamu hatumi, miaka inapita. Mzee kafa analitaja jina lake.

Sasa matanga hayajaanuliwa vizuri, kijana huyo anaingia Bagamoyo na begi mgongoni. Ndevu anazo, kovu juu ya jicho analo, majirani anawataja mmoja mmoja. Aliyemleta ni huyu huyu Mzee Rajabu, msimamizi wa machimbo, anasema kamkuta stendi ya Chalinze anatafuta usafiri wa kuja kwao. Mji mzima ukamkumbatia.

Isipokuwa Hafidha. Hafidha ni mtoto wa Bi Sihaba, na Bi Sihaba ni mdogo wake marehemu mama yake Yunus. Yunus kakulia mikononi mwa bibi huyo. Basi Hafidha akaenda kituoni peke yake, akakaa mbele ya Tabia, akasema, "Afande, yule si Yunus."

"Umejuaje?"

"Sijui. Hacheki kama yeye."

Kwa maneno hayo humtii mtu pingu. Vipimo vya vinasaba vinachukua wiki na wiki, na wazee wa ukoo wameshapanga: kesho baada ya sala ya Ijumaa wanakaa na shehe, wanamkabidhi mrithi mali yake. Na mrithi ameshasema hadharani kwamba yeye mambo ya machimbo hayawezi, atatia sahihi Mzee Rajabu ayaendeshe yote. Tabia alilipima hilo. Kama huyu ni wa uongo, akishatia sahihi, hakuna mtu duniani atakayemtafuta Yunus mwingine. Kwani wa nini, na Yunus yupo?

Akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Sihaba alikuwa amekaa mkekani, tasbihi mkononi. "Binti wa nani wewe?"

"Wa Mzee Ibrahimu, wa Fukayosi. Yule wa mananasi."

"Aaa! Yule aliyekuwa akituuzia mananasi mabichi, anasema yataivia nyumbani!"

"Ndiye huyo huyo, mama. Na mpaka leo hajaacha."

Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Ndipo kijana akatokea uani, mikono mibichi mpaka viwikoni, maji yanamtiririka kwenye ndevu.

"Karibu, afande. Nimeshatia udhu, nangoja adhana tu. Wewe uliza."

Akakaa. Mzee Rajabu akakaa ubavuni pake, mtu mnene, mpole wa sauti, simu mbili gotini.

"Kovu hilo?" Tabia akaanza.

"Panga. Tulikuwa tunafua madafu na Abdulazizi, mtoto wa jirani. Yeye alilia kuliko mimi."

"Chuo cha Kurani ulisoma kwa nani?"

"Kwa Maalim Msabaha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito kuliko wa kulia, muulize yeyote."

"Baba yako alikuwa anakuitaje akikasirika?"

"Mzigo." Akatabasamu kwa huzuni. "Alikuwa akiniita Mzigo."

Bi Sihaba akaitikia kwa kichwa. Kweli tupu. Tabia akamwuliza na mengine, yote akayapangua. Ndipo Hafidha, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa, kichwa wazi, nywele amezisuka mistari, akasema, "Mbuzi wetu tulimzika wapi?"

Kijana akaangalia mkeka. Alikuwa na desturi moja, Hafidha akitokea anaangalia chini. "Mbuzi?"

"Yule mweupe. Tulimzika mimi na wewe."

Akashika paji la uso. "Hafidha, jiwe liliniangukia kichwani kule Msumbiji. Mengine yanakuja, mengine yanakwenda. Nipe muda."

Mzee Rajabu akainuka. "Samahanini, simu hiyo." Akatoka nje. Tabia hakusikia simu kulia, lakini siku hizi si watu wanaziweka zile za kutetemeka.

Sasa huruma ni kitu cha ajabu. Hafidha aliyemshitaki mtu ndiye aliyemwonea huruma. Aliweka sinia chini, akaushika mkono wa yule kijana kwa mikono yake miwili. "Kama ni wewe kweli, niambie tu ni wewe. Nitaamini."

Kijana akautoa mkono taratibu, macho chini. Adhana ya alasiri ikaanza kupigwa msikiti wa jirani. Akanyanyuka, akaenda uani, wakasikia bomba linafunguliwa.

Mzee Rajabu akawa amerudi. "Mnaona uchamungu huo? Kaguswa tu, anatia udhu tena."

Tabia hakuliona la ajabu. Sisi watu wa pwani tumesoma hivyo tangu chuoni: mwanamume akigusana ngozi na mwanamke anayeweza kumuoa, udhu umetoka. Mama yake, dada yake, shangazi yake, hao haidhuru kitu. Binamu, kachukue maji upya. Na Hafidha ni mtoto wa mama mdogo. Basi.

Wanaume wakaenda msikitini. Waliporudi, kijana alikuwa anang'aa.

"Nimekumbuka! Nimekumbuka niko kwenye sijida, Mungu anisamehe. Tulimzika nyuma ya choo cha zamani, chini ya mkomamanga. Na wewe, Hafidha, ulimvisha sanda ya kilemba cha baba."

Hafidha akapiga yowe, akakaa chini palepale, analia na kucheka.

"Kilemba kile!" Bi Sihaba akashika kiuno. "Kumbe nyie! Nilimsingizia dobi wa watu mpaka akahama mtaa!"

Nyumba nzima ikacheka. Mzee Rajabu akamgeukia Tabia kwa upole wake. "Umeridhika sasa, mwanangu?"

"Nimeridhika, mzee."

Na kweli aliridhika. Aliingia jikoni kuaga, mkoba begani, hana la kuuliza tena. Hafidha alikuwa anaosha vikombe, macho mekundu.

"Nisamehe, afande. Nimekusumbua bure. La mbuzi hata mama alikuwa halijui. Tulilijua wawili tu, mimi na Yunus."

"Hukunisumbua. Ila jifunike kichwa, dada. Mwenzio amekuwa shehe, kila ukipita anahesabu nyuzi za mkeka."

Hafidha akageuka. "Nijifunike mbele ya Yunus? Kwa nini?"

"Si binamu yako?"

"Binamu wa nini! Mama yake si alifariki siku ya kumzaa. Mama yangu alikuwa ananinyonyesha mimi, akampokea na yeye. Ziwa hili mimi, ziwa hili Yunus. Yule kaka yangu, afande, maharimu wangu kama tumetoka tumbo moja. Mimi na yeye hatuoani mpaka Kiama."

Tabia akautua mkoba mezani.

"Na Yunus mwenyewe analijua hilo?"

"Analijua! Tangu anatambaa anaambiwa."

"Mzee Rajabu?"

"Mzee Rajabu atayajulia wapi? Mambo ya maziwa ya wanawake, yeye mtu wa mashimo kule Handeni."

Tabia akafunga mlango wa jikoni. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, maana ndicho kilichokuwa karibu, na akaanza kuyapanga.

Kijana alikuwa na udhu. Alimwona na maji mwilini. Hakusinzia, hakwenda chooni. Kashikwa mkono na Hafidha, udhu umemtoka. Kwa nini umtoke kwa dada yake? Akajibishana mwenyewe: pengine tumbo lilimchezea tu, udhu unatoka kwa mengi. Mahakamani wakili atacheka mpaka miwani ianguke. Haya, hilo liweke pembeni kwanza.

"Hafidha, la mbuzi. Kama aliambiwa zamani, angejibu palepale. Hakujibu. Mzee Rajabu katoka na simu. Baada ya sala jibu limekuja, na kilemba juu. Unasema mlilijua wawili tu. Wewe hukumwambia."

Kikombe kikamtoka Hafidha mkononi, kikazama majini.

"Basi amelisema Yunus," Tabia akasema polepole. "Leo. Mchana huu. Yuko mahali, yuko hai, na kuna mtu kamsimamia anamuuliza."

"Twende tumkamate Rajabu! Sasa hivi!"

"Tukae kwanza! Tukimkamata, akikaa kimya, aliyeko kule akiona simu hazipigwi atafanyaje? Unajua kwa nini kaka yako anapumua mpaka sasa? Kwa sababu bado kuna maswali. Kesho baada ya Ijumaa maswali yamekwisha. Na yeye kamalizika."

Bi Sihaba alikuwa ameingia kwa mlango wa uani, hawakumsikia. Alisimama na tasbihi yake, kasikia yote. Hakulia. Wazee wa zamani kulia wanajua wakati wake.

"Mwanangu," akamwambia Tabia, "wewe unataka kuwa na yakini kwamba huyo aliyeko sebuleni si mtoto niliyemnyonyesha?"

"Ndiyo, mama. Yakini isiyo na tumbo wala wakili."

"Niachieni mimi."

Akarudi sebuleni, akakaa mkekani pake, akajirekebisha kanga. Tabia na Hafidha wakamfuata. Mzee Rajabu alikuwa anakula kashata.

"Yunus, mwanangu," bibi akaanza, sauti tamu kama asali, "mimi nimezeeka. Kesho unakabidhiwa mali. Hafidha aliachika, yuko mikononi mwangu tu. Nimefikiri, mali isitoke nje, na damu isitoke nje. Nataka nikuozeshe Hafidha."

Yunus wa kweli angeruka kama kakanyaga kaa la moto. Angesema astaghfirullahi, mama, umepatwa na nini leo.

Huyu aliangalia chini, akawaza, akamtupia jicho Mzee Rajabu. Na Mzee Rajabu uso ukamfunguka kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Jambo la heri hilo!" akasema Rajabu. "La heri kabisa. Yunus, mjibu mama yako."

"Mama," kijana akasema, kwa adabu zake zote, "ukiona inafaa, mimi sina kauli. Kwangu ni heshima."

Tasbihi ya Bi Sihaba ikasimama. Punje moja ilikuwa katikati ya vidole, haikwenda mbele, haikurudi nyuma. Halafu ikaendelea.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kuleni kashata."

Nakuambieni, mwanamke yule alikaa na mtu aliyevaa jina la mwanawe, akamsogezea sahani, akamwita mwanangu.

Tabia alikwisha kumweka Koplo Khamis pembeni ya mtaa na pikipiki, kamwandikia ujumbe: gari likiondoka, lifuate. Sasa kulitakiwa swali. Akamwangalia Hafidha.

Hafidha akajitia haya, akavuta kanga mpaka kichwani. "Mimi sina neno. Ila Yunus utotoni uliniahidi kitu utakachonipa siku nitakayoolewa, na nilipoolewa wewe ulikuwa Msumbiji. Ukikikumbuka, hicho ndicho mahari yangu. Usipokikumbuka, sikutaki."

"Wanawake!" Mzee Rajabu akacheka, akajiinua na simu yake. "Wewe kumbuka, bwana harusi. Mie nakuja."

Wakasikia mlango wa gari unafunguliwa, unafungwa. Tabia akangoja mlio wa injini. Injini haikuwaka. Mzee alikaa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, midomo inatembea. Khamis pembeni kule akabaki na ufunguo mkononi, hana wa kumfuata. Mpango wote ukaishia hapo.

Mzee Rajabu akarudi. Akamwomba kijana wakaangalie mafundi wa chokaa uani. Walipoingia tena, kijana alikuwa anatabasamu.

"Chumvi," akasema.

"Nini?" Bi Sihaba akauliza.

"Nilimwahidi Hafidha pakacha la chumvi. Nyeupe. Kwa sababu alikuwa akijificha jikoni kulamba chumvi, na mama unamchapa. Nikamwambia, siku ukiolewa nitakuletea pakacha zima, ulambe mpaka uchoke."

Mzee Rajabu hakucheka. Alikuwa hamwangalii kijana. Alikuwa anamwangalia Hafidha, usoni, kwa upole ule ule. "Ni kweli, Hafidha?"

Na si kweli. Hafidha hajapata kulamba chumvi maishani mwake. Yunus alimwahidi pete, ya dhahabu ya kwanza atakayoichimba kwa mikono yake, na alimwahidi hivyo mbele ya mama yake. Bi Sihaba alilijua hilo, Hafidha alilijua hilo. Huko aliko, mtu kaulizwa juu ya harusi ya dada yake, na badala ya pete katuma chumvi. Kamtuma nani? Kamtuma huyu huyu anayejiita yeye.

"Aibu gani hii," Hafidha akasema, akaficha uso kwa kanga. "Mbele ya wageni!"

"Mpaka midomo ilikuwa inampasuka," Bi Sihaba akadakia. "Namchapa, analamba. Namchapa, analamba."

Rajabu akaendelea kuangalia kidogo. Kisha akakaa.

Tabia akaaga. Shikamoo, marahaba, msalimie Mzee Ibrahimu na mananasi yake. Mlangoni Bi Sihaba akamnong'oneza, "Alimwahidi pete, si chumvi." Akatoka barazani, akazipita ndoo za chokaa, akafika kwenye gari. Hapo akasimama. Mafundi walikuwa wamepaka ukuta wa uani tu, barabarani hakuna hata tone. Akainama kama anayefunga kiatu, akapitisha kidole kwenye gurudumu, akakitia mdomoni.

Chumvi.

Udongo wa Handeni mwekundu, kila mtu anajua. Nyeupe ya namna hii inatoka mahali pamoja, kule kaskazini ya mji, kwenye mabwawa ya chumvi yaliyoachwa, na vibanda vyake vya makuti ambako hakuna aendaye.

Khamis alishasogea na pikipiki.

"Mabwawa ya chumvi," Tabia akamnong'oneza. "Wapitie wale wa doria, muende pamoja. Msipige king'ora. Kuna mtu yuko hai, mumkute hivyo hivyo."

Pikipiki ikaondoka. Tabia akanyooka, na nyuma yake sauti ya upole ikasema, "Afande, hiyo chokaa. Itakuunguza ulimi."

Mzee Rajabu alikuwa mlangoni. Simu iko sikioni, inaita, na uso wake safari hii haukuwa wa mtu anayekwenda kuuliza swali.

Tabia akaruka ngazi za baraza, akamkamata kifundo cha mkono, akaukunja mpaka simu ikaangukia kiganjani mwake.

"Samahani, mzee wangu. Nimekutengulia udhu."

Rajabu akafungua mdomo apige kelele. Bi Sihaba, aliyekuwa nyuma yake, akamsokomezea ncha ya kanga mdomoni kama anayemfuta mtoto kamasi. Na Hafidha akamning'inia mkono wa pili.

Simu ikapokelewa, Tabia akabonyeza spika. Sauti ya mwanamume, nzito, imechoka, upepo unavuma nyuma yake.

"Haloo. Mzee? Nimalize, au kuna swali jingine?"

Tabia hawezi kujibu, sauti yake ya kike. Kijana yule alikuwa amesimama katikati ya sebule, rangi imemtoka, midomo inasoma kitu kimyakimya. Neno lile, nimalize, lilikuwa limemwingia; pengine alikuwa hakuambiwa hilo. Tabia akamwelekezea simu. Alimtazama tu, kama unavyomtazama mtu anayejali maji ya udhu, uone kama anajali na kingine.

"Haloo?" simu ikasema.

Kijana akaja, akaishika kwa mikono miwili. Akamwangalia Hafidha usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile.

"Mimi hapa," akasema. "Mzee yuko na wageni. Usimalize. Muulize... muulize yule mbuzi alikuwa anaitwa nani. Mwache afikiri. Usimharakishe."